Spea Iliyotoka Mguuni

Wusi, Jumatano jioni

Mwanangu Wakesho,

Nimeona nikuandikie kwa sababu kwa mdomo nimeshindwa. Tangu Jumapili kila nikitaka kuanza, kuna mtu anaingia. Mara shangazi yako na kuku wake wa kukuaga, mara majirani wanataka kuona pasipoti inafananaje, mara mama yako anapita katikati yetu na sinia, ananikazia macho. Sasa nimejifungia chumba cha mbele na atakayegonga atangoja.

Mambo ya sweta na kuchemsha maji ya kunywa sitayagusa. Mama yako amekwisha kukuambia hayo mpaka umeyakariri. Mimi nina jambo moja, na nitalitanguliza ili usilitafute humu ndani. Ile mishipa niliyowekewa moyoni kule London imeziba. Miwili kati ya mitatu imekufa kabisa, na huo wa tatu unapitisha damu kwa taabu. Unakwenda India miaka minne, tikiti yako haina kurudi katikati, na mimi sijui kama utanikuta. Nina hasira na mambo mengi, mama, lakini kubwa ni hilo.

Najua utakalosema. Utasema, "Lakini Baba, wewe una spea!" Hapo ndipo ninapotaka kupasuka. Hilo neno spea limenitawala miaka yote hii, na mwenyewe sikulileta nyumbani kwangu.

Ulikuwa darasa la pili nilipokwenda kupasuliwa. Nilikuwa fundi mkuu wa pampu kwenye shamba la mkonge pale chini, nimepandishwa cheo juzi tu, na cheo hicho kilikuwa na bima ambayo wafanyakazi wengine hawakuwa nayo. Kifua kilikuwa kinanibana kiasi kwamba siwezi kuinua spana kubwa. Meneja akaandika barua zake huko, nikajikuta nimepandishwa ndege. Daktari wa kule alikuwa mtu mrefu, mpole, anaongea taratibu kwa sababu aliona Kiingereza changu ni cha karakana. Akachukua karatasi akanichorea. Akasema mishipa inayolisha moyo wangu imeziba, na kwamba hawataizibua, wataiacha palepale na uchafu wake. Watakata mshipa mwingine mguuni, wautie moyoni vipande vitatu, damu ipite kando ya pale palipoziba.

Nikamuuliza swali ambalo fundi yeyote angeuliza. "Huo wa mguuni utadumu?"

Hakunificha. Alisema mshipa wa mguuni umezoea kurudisha damu juu, polepole, bila nguvu. Sasa utapokea msukumo wa moyo wenyewe, mchana na usiku, na haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kuta zake zitaanza kunenepa kwa ndani. Wengine unawadumu miaka kumi, wengine zaidi, wengine haufiki hata nusu ya hapo. Alisema kazi hii yenyewe ni ya juzi, hata wao bado wanangoja waone. Nilielewa kila neno. Nilielewa kuliko alivyodhani, na nitakueleza kwa nini.

Kabla ya hapo, mwaka mmoja wa ukame, bomba la kusukuma maji kutoka kisimani hadi kwenye mashine ya kukwangua mkonge lilipasuka. Bomba la kubadilisha halikuwepo, lilikuwa bado bandarini Mombasa. Nikaenda nyuma ya tangi, nikakata ule mpira mnene uliokuwa unamwaga maji yaliyozidi, nikauvalisha mahali pa bomba na kuukaza kwa vibano. Maji yakapanda, mashine ikaunguruma, meneja akanipa mkono mbele ya watu wote. Nilijua mpira ule ni wa kumwagia, si wa kusukumia. Lakini ulishika, na kwa kuwa ulishika, bomba lilipofika kutoka Mombasa tuliliweka stoo. Kwani mpira uliopo si unafanya kazi? Msimu uliofuata mpira ulivimba, ukaanza kujichubua kwa ndani, na magamba yakaziba vali zote. Tulikaa siku nzima tunachokonoa vali, huku majani ya mkonge yanakauka juani. Kwa hiyo yule daktari aliponichorea, nilikuwa nautazama mpira wangu mwenyewe.

Basi nikarudi. Baba yako mdogo Mwakio akaja kunipokea Voi. Unamjua mdogo wangu, yeye ameuza spea za magari na baiskeli maisha yake yote, hata mtoto akizaliwa anauliza kama ni jenuini.

"Sasa kaka, wamekutia spea?"

"Si spea, Mwakio. Ni mshipa wangu mwenyewe. Wameukata hapa mguuni."

"Lakini umefungwa wapi? London au Voi?"

"London."

"Basi hiyo ni spea ya London. Hiyo ni jenuini, haifi leo wala kesho. Wacha kujipunguzia."

Jumapili iliyofuata, kabla mimi sijafungua mdomo, alisimama kanisani kama mzee wa kanisa na kutangaza kwamba kaka yake ametiwa spea mpya ya moyo huko Uingereza, Bwana asifiwe. Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Mimi nimesimama pale, mguu umeshonwa toka kifundo hadi pajani, kila nikikanyaga nasikia moto, na hakuna aliyetaka kuutazama. Nilipandisha suruali kidogo niwaonyeshe kovu. Wakasema hapo ndipo nilipopitishiwa dawa. Bibi mmoja wa Mwatate akanivuta pembeni akaniuliza kwa huruma kabisa kama moyo wenyewe ni wa Mzungu, na kama usiku naota kwa Kiingereza.

Nilicheka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza. Ningekasirika siku ile, neno lingefia palepale. Nikawa Mzee Spea kutoka Wusi hadi Voi. Wewe mwenyewe ulipigana shuleni na mtoto aliyesema baba yako ni mgonjwa. Uliniambia umemwambia, "Baba yangu hawezi kuwa mgonjwa, ana spea!" Ulikuwa umechanika sketi na unatabasamu na pengo lako. Ningekuambia nini?

Kisha ukaja ushuhuda. Kila mwaka, siku ya shukrani, Mwakio aliniita mbele nieleze jinsi nilivyoponywa. Mwaka wa kwanza nilieleza vizuri, na yule daktari nikamtaja. Mwaka wa pili nikajaribu kuongeza kwamba mishipa hii haidumu milele. Mchungaji akanikatiza taratibu, "Ndugu yetu, usikiri ugonjwa. Ulichopewa umepewa." Watu wakasema amina. Tangu hapo nilijua kwamba mimi si mtu tena, ni mfano. Mtu akipona kwenye ushuhuda, hana ruhusa ya kuugua tena, maana ataonekana amemtia Mungu aibu. Na mimi, badala ya kukataa kusimama, nilisimama kila mwaka, nikasema yaleyale, nikakaa. Ni rahisi sana kusema jambo ambalo watu wamekwisha kulipenda.

Usidhani nilikuwa nasema uongo mtupu. Kuna miaka nilisahau kabisa. Kifua kilikuwa chepesi, nilipanda mlima huu na gunia la mbolea begani. Nikirudi kazini wenzangu wananipa kipande chenye mafuta, "Kula bwana, wewe una spea." Nikala. Sigara niliyokatazwa nikairudia, kwanza ya kuomba, kisha ya kununua. Daktari alikuwa amesema moshi unaiharakisha mishipa ile kuziba. Nilisikia, nikajiambia mimi ni mtu wa milimani. Nikikumbuka hilo natamani kujipiga kofi. Sitaki uvae maisha yangu kama fundisho, ila nakuambia jinsi akili ya mtu inavyofanya kazi akishangiliwa sana.

Mwaka jana maumivu yakarudi. Yalikuja pale kwenye kona ya pili, ukitoka barabara ya Mwatate kupanda kuja nyumbani. Nikasimama. Jirani akatoka, nikaona aibu, nikaanza kusifu mahindi yake. Siku iliyofuata nikasimama palepale nikasifu maharage. Sasa kijiji kizima kinajua kwamba Mzee Spea amestaafu na amekuwa mpenzi wa kilimo. Wananiita kwenye matuta yao wanionyeshe mbegu, nami nashukuru maana napata mahali pa kukaa. Wewe ulikuwa umemaliza kidato cha sita, unangoja majibu ya mitihani yako, na ulinitania kwamba siku hizi natembea kama afisa wa kilimo anayesubiri chai.

Nilimwambia mama yako peke yake. Tukaenda Mombasa, tukatumwa Nairobi. Ile wiki tuliyokuambia tumekwenda kwenye mazishi ya rafiki yangu wa karakana, nilikuwa hospitalini. Walinipitishia mpira mwembamba kutokea pajani hadi moyoni, wakamwaga dawa, wakapiga picha. Daktari wa huko, kijana mwenye miwani, alinionyesha kwenye kioo. Damu inakuja, inafika kwenye mshipa wa mguuni, inasimama. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu inapita kama uzi tu.

Halafu akasema jambo ambalo halijanitoka kichwani. Alisema siku hizi, huko ng'ambo, wengi wanatumia mshipa mwingine, unaopita nyuma ya mfupa wa kifua. Huo wenyewe ni wa kupeleka damu kwa nguvu, umezoea msukumo. Wanaona unadumu kuliko wa mguuni, haujai uchafu upesi.

"Nyuma ya mfupa wa kifua?" nikamuuliza. "Hapa?"

"Hapo hapo, mzee."

"Si walinipasua hapo hapo!"

Nikamwambia, "Yaani bomba lenyewe lilikuwa stoo, karibu na pampu, wakaenda kukata mpira wa kumwagia kwenye mguu?" Akasema wakati ule wengi walitumia wa mguuni kwa sababu ni mrefu, ni rahisi kuutoa, na hakuna aliyekuwa na miaka ya kutosha ya kulinganisha. Walifanya walichokijua. Najua ni kweli, Wakesho. Bila wao ningekuwa nimezikwa ukiwa darasa la pili, na hizi hasira ningezitoa wapi? Lakini nilitoka pale nimekunja ngumi. Hata kwenye basi mama yako alinishika mkono akanifungua vidole kimoja kimoja.

Nilimuuliza juu ya kupasuliwa mara ya pili. Alisema inawezekana kwa wengine, ila si nyepesi kama ya kwanza. Moyo huwa umegandana na makovu, kuufikia tu ni hatari, na mimi sasa nina sukari pia. Hakunishauri nipasuliwe tena. Amenipa vidonge vya kuweka chini ya ulimi. Viko kwenye kopo la peremende juu ya kabati, ndiyo maana nilikugombeza juzi ulipotaka kuwapa watoto. Samahani kwa ule ukali. Niliogopa.

Sasa nikuambie habari ya Jumapili, maana wewe ulikuwepo na hukuona kitu. Maombi ya kukuaga yamekwisha, nyumba imejaa, watu wameshiba kimanga na nyama. Mwakio akasimama, "Kaka, tupe ushuhuda wa mwisho mtoto akiwa hapa." Nikaona ndiyo nafasi. Nikasimama. Nikasema, "Ndugu zangu, nataka niseme ukweli leo. Spea imechoka."

Nyumba nzima ikaangua kicheko. Mwakio akapiga meza, "Lete nikubadilishie, kaka, duka langu liko wazi!" Mchungaji alijipangusa machozi kwa kicheko. Nikasema tena, "Sifanyi mzaha," nao wakazidi. Na wewe, mwanangu, ulicheka kuwashinda wote. Ulikuwa umeegemea mlango, umeshika kikombe, unacheka hadi chai inakumwagikia mkononi. Nilikutazama nikakaa chini. Nilimaliza miaka nikiogopa kusema, na siku niliposema, likawa ni kichekesho.

Watu walipoondoka mama yako alinifuata jikoni.

"Baba Wakesho, ulikuwa unataka kufanya nini?"

"Kumwambia mtoto."

"Ukimwambia hataenda. Halafu hapa atafanya nini? Akae akikuhesabia pumzi? Mwache aende. Mungu yupo."

"Na nikifa?"

"Ukifa tutamwandikia."

Alisema hivyo akageuka, akaosha tena sufuria aliyokwisha kuiosha. Usimkasirikie. Yeye analinda masomo yako kwa njia anayoijua. Lakini mimi siwezi kukubali, na sababu ni mama yangu, bibi yako uliyepewa jina lake, ndiyo maana nakuita mama.

Nilikuwa kijana Nairobi, najifunza ufundi. Barua zilikuja kutoka nyumbani, na zote zilianza kwa kunijulisha kuwa wote hawajambo. Mama hajambo, anakusalimu. Mama hajambo kidogo, ni mafua tu, usijali. Mama anapumzika. Nikafurahi kwamba hatimaye mama anapumzika, mtu ambaye sikuwahi kumwona amekaa. Nilipopata likizo nilikuja na kitambaa cha kanga kizuri, nikapanda mlima huu nikiimba. Nikakuta kaburi limekwisha kuota majani. Baba aliniambia, "Hatukutaka kukusumbua, ulikuwa masomoni." Walimaanisha wema mtupu. Niliwachukia kwa wema huo miaka mingi, na mpaka leo nikisoma barua inayosema fulani anapumzika, mwili unanisisimka. Mara ya mwisho kumwona mama nilikuwa nakimbilia lori. Hata sikugeuka, nilimpungia mkono bila kumtazama. Ningejua, ningeliacha lori liende.

Kwa hiyo mama yako akisema "tutamwandikia," mimi nasikia majani yale.

Sikuandikii ubaki. Ukibaki utaharibu kitu ambacho sitakuwa na muda wa kukitengeneza. Ukiniambia kesho kwamba umebadili nia, nitabeba sanduku lako mimi mwenyewe mpaka barabarani, nisimame kila kona nisifu mahindi ya watu mpaka nifike. Nataka uende, usome hayo mambo ya maji na mabomba mpaka uwashinde walimu wako. Na ukipata mahali pa kusoma habari za mishipa hii, soma, unitumie unachokiona, hata kama si kizuri. Nimechoka kupewa habari nzuri. Barua zetu wewe na mimi ziwe na ukweli ndani yake. Nikiumwa nitakuandikia naumwa. Nikisimama kwenye kona ya kwanza badala ya ya pili, nitakuandikia hivyo. Na wewe ukilia huko kwa upweke, usiniandikie kwamba hujambo.

Mwakio nitamwambia mwenyewe, safari hii dukani kwake, mlango umefungwa, na suruali nitaivua kabisa alione kovu lote. Siku ya shukrani wakiniita mbele, sitasimama. Wakiuliza nitasema nimeshukuru nikiwa nimekaa. Nimeishi miaka ambayo sikuwa nayo, nimekuona ukikua hadi kunizidi kimo. Shukrani yangu ni ya kweli, na ugonjwa wangu ni wa kweli, na sioni kwa nini nichague kimoja.

Barua hii nitakupa asubuhi, kabla ya chai, mkononi mwako, mama yako akiwa anatazama. Nilifikiri niifiche kwenye sanduku uikute India, nikaona huo ungekuwa ni uoga uleule. Treni inapita Voi usiku, kwa hiyo tutakuwa na mchana mzima. Isome pale nje. Ukimaliza, njoo mezani. Ukitaka kunifokea, nifokee ningali hapa nikusikie. Ukitaka kuuliza, uliza, hata lile unaloogopa kuliuliza. Ukitaka tukae tu bila kusema, nitakaa.

Halafu tukifika kituoni, nina ombi. Watakuwepo watu wengi, Mwakio atakuwa anapiga kelele, na kila mmoja atakuambia kwaheri ya kuonana. Waitikie wote. Ukifika kwangu, usiwe na haraka, nitazame vizuri, nami nikutazame. Uniambie kwaheri tu, mama. Hiyo ya kuonana tusiitamke.

Ni mimi baba yako, niliye macho bado.